Kutabiri hali ya anga za juu ukiwa Dar es Salaam: mwongozo kamili kwa msanidi programu

Jua linapozama upande wa Pugu, kilomita mia tatu na ushee juu ya Dar es Salaam kazi ndiyo kwanza inaanza. Tabaka la ionosfia, ambalo mchana kutwa lilikuwa likijazwa elektroni na miale ya Jua, huanza kuvurugika, na mawimbi ya setilaiti za GPS yanayopita humo hufika ardhini yakiyumba. Jiji letu liko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta ya ramani, lakini ikweta ya sumaku ya Dunia kwa upande wetu wa Afrika hupita juu ya Ethiopia. Maana yake Dar iko takribani nyuzi 15 hadi 16 kusini mwa ikweta ya sumaku, na huko ndiko elektroni zinazoinuliwa ikwetani huja kushuka na kurundikana. Tumekaa chini ya moja ya sehemu korofi kabisa za ionosfia.

Nimeanza na hilo kwa sababu mafunzo mengi ya fani hii yameandikwa kwa ajili ya watu wa Kanada au Finland, ambako hofu kubwa ni gridi za umeme. Hofu hiyo ni ya kweli: tarehe 13 Machi 1989 dhoruba ya sumaku ilizima umeme wa jimbo zima la Quebec kwa takribani saa 9 na kuwaacha watu milioni 6 gizani. Lakini ukiuchukua mfumo wao ulivyo na kuuleta Kurasini, utakuwa umejibu swali ambalo hapa hajaulizwa mtu. Mwongozo huu ni kwa msanidi programu anayejua kuandika Python kiasi, aliyeko Dar, anayetaka kujenga mfumo wa kutabiri hali ya anga za juu unaowafaa watu wa latitudo hii, kisha autumie ujuzi huo kupata kazi. Anga za juu hapa ni eneo lote kuanzia ionosfia hadi Jua lenyewe.

Hatua ya kwanza: fizikia inayotosha kuanzia

Huhitaji shahada ya fizikia ili kuanza. Unahitaji kujua Jua linatuma nini, kinafika baada ya muda gani, na kikifika kinaharibu nini.

Cha kwanza ni mwanga. Mlipuko wa Jua ukitokea, mionzi yake ya eksirei hutufikia baada ya dakika 8, kwa kasi ileile ya habari za mlipuko wenyewe. Onyo la mapema halipo. Kilichopo ni kutoa taarifa haraka. Mionzi hiyo huzidisha elektroni katika sehemu ya chini ya ionosfia, na redio za HF, zile za mawasiliano ya mbali zinazotumiwa na ndege na meli baharini, hunyamaza upande wa Dunia wenye mchana. Athari huwa kali zaidi pale Jua lilipo utosini, na sisi Jua hutukaa utosini au karibu yake. Mlipuko mkubwa ukitokea saa 6 mchana wa Dar, walengwa ni sisi.

Cha pili ni protoni za kasi, zinazofika ndani ya dakika kadhaa hadi saa chache. Hizi zinazihusu zaidi setilaiti na ndege zinazopita karibu na ncha za Dunia. Zijue, usikae nazo sana.

Cha tatu ni mawingu ya plazma, yaani gesi yenye chaji za umeme, yanayorushwa na Jua. Hutumia siku moja hadi tatu kufika, ingawa lile la Septemba 1859, lililogonga baada ya mlipuko uliochorwa na Richard Carrington, lilifika ndani ya saa 18 hivi. Wingu likifika, cha kuangalia ni mwelekeo wa uga wake wa sumaku. Kipimo kinaitwa Bz. Bz ikielekea kusini, yaani ikiwa hasi, nishati huingia na dhoruba huanza. Ikielekea kaskazini, wingu kubwa laweza kupita bila kishindo. Mpaka leo hakuna anayeweza kutabiri Bz kwa uhakika kabla wingu halijafika kwenye setilaiti zilizo umbali wa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, kwenye nukta ya L1.

Shirika la NOAA la Marekani hupanga mambo haya kwa mizani tatu, R kwa redio, S kwa protoni na G kwa dhoruba za sumaku, kila moja kuanzia 1 hadi 5. Mlipuko wa daraja M1 ni R1, X1 ni R3, X20 ni R5. Kp, kipimo cha mtikisiko wa sumaku ya Dunia kuanzia 0 hadi 9, kikifika 5 ni G1, kikifika 9 ni G5.

Sasa kuna la nne, ambalo halimo kwenye mizani hizo na ndilo letu. Baada ya magharibi sehemu ya chini ya ionosfia hupoteza elektroni zake haraka, huku sehemu ya juu ikisukumwa juu zaidi na uga wa umeme. Plazma nzito inabaki imekaa juu ya nyepesi, na ile nyepesi hupenya kwenda juu kama mafuta yaliyomiminwa chini ya maji. Vinatokea viputo vya plazma vinavyofuata mistari ya sumaku kutoka ikwetani hadi juu yetu, na kingo zake huyumbisha mawimbi ya GPS. Katika ukanda wetu msimu wake hasa ni Machi na Aprili, kisha Septemba na Oktoba, na huzidi miaka ambayo Jua lina madoa mengi. Jambo la kushika ni hili: viputo havisubiri dhoruba. Usiku wenye Kp ya 1 waweza kuwa mbaya kabisa kwa Dar. Na dhoruba nayo, kutegemea imeanza saa ngapi, yaweza kuvichochea au kuvizima. Mfumo unaosoma Kp peke yake na kuwaambia watu wa Dar "leo shwari" unawapotosha.

Hatua ya pili: zana

Kompyuta mpakato yenye RAM ya GB 8 inatosha. Weka Linux, Python pamoja na numpy, pandas, xarray na matplotlib, halafu SunPy kwa mambo ya Jua na georinex kwa kusoma mafaili ya GNSS (GPS na mifumo mingine ya aina yake). Tumia Git tangu siku ya kwanza. Kwa hifadhidata, PostgreSQL inakidhi. Grafana itakupa michoro bila kukusumbua.

Jifunze pia kusoma Fortran. Kuiandika si lazima, ila modeli nyingi za fani hii, mojawapo IRI ya ionosfia, zimeandikwa kwa lugha hiyo, na siku namba zinapogoma kulingana utalazimika kuingia ndani yake. Msanidi asiyeiogopa Fortran ana thamani kubwa katika timu hizi.

Hatua ya tatu: data, ambako kazi nyingi ndiko iliko

Anzia services.swpc.noaa.gov. Ni bure na haihitaji usajili. Humo mna eksirei kutoka setilaiti za GOES, upepo wa Jua kutoka L1, na Kp, vyote kwa muundo wa JSON. Kwa historia nenda OMNIWeb ya NASA, yenye vipimo vya kila saa tangu 1963. Kp rasmi hutolewa na GFZ kule Potsdam, Ujerumani, na Dst, kipimo cha nguvu ya dhoruba, hutolewa na kituo cha Kyoto, Japani.

Kuvuta data ni rahisi. Kuiamini ndiko kugumu, na mitego yenyewe ni hii.

Utakutana na mafaili ya JSON ambamo kila namba ni maandishi na mstari wa kwanza ni vichwa vya safu. Ukilinganisha maandishi kwa maandishi, "9" itakuwa kubwa kuliko "10", na programu haitalalamika. Geuza aina ya kila safu mwanzoni kabisa, mahali pamoja, na usiruhusu maandishi yapite mlango huo.

OMNI haiachi nafasi tupu pale kipimo kinapokosekana, bali hujaza 999.9 au 9999 kutegemea safu. Ukisahau kuzifuta, wastani wako wa kasi ya upepo utapaa na modeli yako itajifunza upuuzi. Kp humo nayo imezidishwa kwa 10, hivyo 33 ni 3+ na 57 ni 6-.

Setilaiti za GOES hupita kwenye kivuli cha Dunia katika misimu ambayo usiku na mchana hulingana, na vipimo vya eksirei hukatika kwa muda. Huo mteremko si habari ya Jua. Kuwe na njia ya kugeukia setilaiti ya pili.

Mtego mbaya kuliko yote ni kwamba data hukosekana pale hasa unapoihitaji. Dhoruba kali ya protoni huweza kupofusha kifaa kinachopima kasi ya upepo wa Jua. Ilitokea kwa ACE, setilaiti iliyoko L1, mwishoni mwa Oktoba 2003. DSCOVR, iliyorushwa 2015 kuchukua nafasi yake, ilizimika kikazi kuanzia mwishoni mwa Juni 2019 hadi Machi 2020, na ACE, iliyorushwa 1997, ikabeba mzigo tena. Septemba 2025 ilirushwa SWFO-L1 kuja kuwapokea wazee hao. Kwa hiyo usiandike popote kwamba chanzo ni setilaiti fulani. Kila kipimo kiingie kwenye hifadhidata kikiwa na jina la chanzo, muda kilipopimwa, muda kilipokufikia, na alama ya ubora. Faili ghafi litunze vilevile lilivyokuja. Diski ni rahisi. Dhoruba ya jana hairudi.

Kwa data ya huku kwetu, tafuta vituo vya GNSS vya mtandao wa kimataifa wa IGS: MAL2 kilichoko Malindi, Kenya, na MBAR cha Mbarara, Uganda. Mafaili yao hupatikana kwenye hazina ya CDDIS ya NASA ukifungua akaunti ya bure ya Earthdata. Huja kwa muundo wa RINEX uliobanwa mara mbili, mara ya kwanza kwa njia ya Hatanaka, hivyo gzip peke yake haitakufikisha.

Hatua ya nne: muda

Weka kila kitu kwa UTC. Baadhi ya mafaili huandika muda bila alama yoyote ya ukanda, mengine huweka herufi Z, na Python itakataa kuyalinganisha au, vibaya zaidi, itachukulia kuwa ni saa za kompyuta yako. Muda wa GPS uko mbele ya UTC kwa sekunde 18 tangu Januari 2017. Katika kazi ya eksirei hutaliona hilo, lakini katika kazi ya GNSS litakusumbua.

Kwa mtumiaji badilisha mwishoni tu, kwenye skrini au kwenye ujumbe. Na ukibadilisha, fika mpaka saa ambayo mtu anaisema: chukua saa ya UTC, toa 3 (unaongeza 3 za ukanda wetu, unatoa 6 za saa ya Kiswahili), na jibu likizidi 12 toa 12. Saa 17:00 UTC ni 14, yaani saa 2 usiku. Kipindi kikali cha viputo, kati ya saa 17 na 21 UTC, kwetu ni saa 2 hadi saa 6 usiku. Nahodha akisoma "1700Z" anaelewa. Msimamizi wa boti ya kupima kina cha maji huenda asielewe, na yeye ndiye anayekuhitaji zaidi.

Hatua ya tano: utabiri wa kwanza, bila akili bandia

Vijana hukimbilia mitandao ya neva. Subiri. Anza na mlinganyo mmoja wa mwaka 2000, wa O'Brien na McPherron, walioendeleza kazi ya Burton na wenzake ya 1975. Unakadiria Dst, ambayo huzidi kuwa hasi kadiri dhoruba inavyokua, kutokana na kasi ya upepo wa Jua na Bz:

```
import math

def dst_saa_ijayo(dst, kasi, bz):
    vbs = kasi * max(-bz, 0) / 1000
    q = -4.4 * (vbs - 0.49) if vbs > 0.49 else 0
    tau = 2.40 * math.exp(9.74 / (4.69 + vbs))
    return dst + q - dst / tau
```

Kasi ni kilomita kwa sekunde, Bz ni nanotesla, na hatua ni ya saa moja. Dst hapa ni ile iliyoondolewa athari ya mgandamizo wa upepo; hilo utaliongeza baadaye. Jaribu kasi ya 500 na Bz ya -10. Kila saa nguvu inayoingia ni karibu -19.8, na muda wa kupoa ni saa 6.6 hivi. Hali hiyo ikidumu, Dst itatulia karibu na -130, ambayo ni dhoruba kali. Mistari sita ya programu inakupa kitu ambacho modeli nyingi zenye mbwembwe hushindwa kukipita kwa mbali.

Angalia pia una muda kiasi gani. Kutoka L1, upepo wa kilomita 400 kwa sekunde huchukua karibu dakika 62 kutufikia. Wa 800 huchukua 31. Utabiri unaotegemea L1 una nusu saa hadi saa moja ya faida, basi. Programu inayovuta data kila baada ya dakika 15 imeshakula robo au nusu ya muda huo.

Ukimaliza hapo, jenga tabiri mbili za kipuuzi kwa makusudi: moja inayosema "kesho kama leo", nyingine inayosema "kama siku 27 zilizopita", kwa kuwa Jua hujizungusha kwa muda huo likitazamwa kutoka huku. Modeli yoyote utakayounda ipambane kwanza na hizo mbili. Isipozishinda, itupe.

Hatua ya sita: kitu cha Dar chenyewe

Hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi.

GPS hutuma kwa masafa ya 1575.42 MHz na 1227.60 MHz. Ionosfia huyachelewesha kwa viwango tofauti, na tofauti hiyo hukuambia idadi ya elektroni njiani. Kizio chake ni TECU. TECU moja huongeza karibu sentimita 16 kwenye masafa ya kwanza. Zikifika 80, kifaa cha masafa moja kinabeba kosa la karibu mita 13 kabla ya kusahihishwa.

Kupima idadi kamili ya elektroni kuna kazi, maana kila setilaiti na kila kipokezi kina upotofu wake wa kiwandani. Lakini kwa viputo huhitaji idadi kamili. Unahitaji kujua inabadilika kwa kasi gani, na upotofu ule unajifuta wenyewe ukitoa kipimo kimoja kwa kingine. Fanya hivi: kwa kila setilaiti chukua fezi (mahali wimbi lilipofika katika mzunguko wake) ya masafa yote mawili ukiwa umeigeuza kuwa mita, toa moja kwa nyingine, kisha toa thamani ya sekunde 30 zilizopita. Gawa kwa 0.105 upate TECU, zidisha kwa 2 upate TECU kwa dakika. Chukua mkengeuko wa kawaida wa dakika 5. Hiyo inaitwa ROTI. Acha setilaiti zilizo chini ya nyuzi 30 kutoka upeo wa macho. ROTI ikivuka 0.5, watafiti wengi huhesabu kuwa ionosfia imevurugika.

Fezi wakati mwingine huruka ghafla kwa sababu kipokezi kimepoteza wimbi kisha kikalidaka tena. Ruko hizo zitavimbisha ROTI, na wengi huzifuta. Usizifute moja kwa moja, maana kiputo chenyewe ndicho husababisha ruko. Ziweke alama, zihesabu peke yake. Usiku wenye ruko nyingi kwenye setilaiti za upande wa kaskazini unakuambia jambo.

Ukipata kipokezi cha masafa mawili, kwa mfano chenye chipu ya ZED-F9P ya u-blox, kiunganishe na Raspberry Pi uwe na kituo chako. Antena ikae juu, iwe na uwazi wa kutosha kuelekea kaskazini. Hapa kuna tatizo la kienyeji: mapaa yetu ni ya mabati, na bati hurudisha mawimbi yanayofanana sana na myumbo wa kweli. Dawa ipo. Njia za setilaiti za GPS angani hujirudia kila baada ya saa 23 na dakika 56. Linganisha leo na jana kwa kusogeza dakika 4: kinachojirudia palepale ni bati, kisichojirudia ni anga. Na kama uko Msasani au Kigamboni, funga viungio vya waya kwa mpira wa kuzuia maji, kwa sababu chumvi ya hewani haitakuhurumia.

Utabiri wenyewe uanze kwa kawaida ya msimu: mwezi, saa, na nguvu ya Jua kwa kipimo cha F10.7 ambacho Kanada imekipima tangu 1947. Kisha ongeza hali ya jioni hiyohiyo. Viputo huelea kuelekea mashariki, mara nyingi karibu mita 100 kwa sekunde. Kutoka longitudo ya Mbarara hadi ya Dar ni takribani kilomita 940, mwendo wa saa mbili na nusu hivi. Kiputo kilichoonekana MBAR saa 3 usiku, kikidumu, chaweza kuwa kwenye longitudo yetu kabla ya saa 6. Lakini Jua huzama Dar zaidi ya nusu saa kabla ya Mbarara, kwa hiyo vipo vitakavyozaliwa huku kabla ya kule. Weka vyanzo vyote viwili kwenye modeli, na hapo sasa kujifunza kwa mashine kuna nafasi yake.

Hatua ya saba: pima kwa haki

Ikiwa siku 2 tu kati ya 100 zina dhoruba, programu inayosema "hakuna" kila siku itapatia mara 98 na haitamsaidia mtu hata mmoja. Achana na asilimia ya usahihi. Hesabu vitu viwili: kati ya matukio yaliyotokea ulinasa mangapi, na kati ya kengele ulizopiga ngapi zilikuwa za bure. Ukitoa uwezekano kwa asilimia, tumia alama ya Brier, inayopima asilimia zako zilikuwa mbali kiasi gani na kilichotokea.

Usigawe data ya mafunzo na ya majaribio kwa kuchanganya kama karata. Saa 9 alasiri na saa 10 jioni za siku moja ni ndugu. Mmoja akiwa darasani na mwingine kwenye mtihani, mtihani umevuja. Gawa kwa miaka, uache pengo la mwezi au zaidi katikati. Na kumbuka mzunguko wa Jua wa 25 ulianza Desemba 2019 na Jua likiwa kimya. Modeli iliyofunzwa kwa miaka hiyo mitulivu haijui 2024 ilivyokuwa.

Hatua ya nane: mfumo uishi usiku mbaya

Ijumaa ya tarehe 10 Mei 2024, muda mfupi baada ya saa 2 usiku kwa saa za Dar, wingu la kwanza la plazma liligonga Dunia. Usiku huohuo dhoruba ikafika G5, ya kwanza tangu Oktoba 2003. Bz ilishuka hadi karibu -50. Marekani, matrekta yanayoongozwa kwa GPS yalisimama katikati ya msimu wa kupanda. Kisha Jumapili ya tarehe 12, intaneti ya Tanzania ikadorora vibaya: nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikuwa zimekatika upande wa kusini mwa Afrika.

Nyaya zile hazikukatwa na Jua. Lakini msanidi makini anabeba mafunzo mawili kutoka wikiendi hiyo. Kwanza, usitangaze kuwa jambo limesababishwa na Jua kwa sababu tu limetokea siku moja nalo. Weka kumbukumbu ya matukio ya hapa, kukatika kwa umeme na kwa intaneti pia, ili uweze kutenganisha. Pili, mfumo unaovuta kila kitu kutoka ng'ambo unaweza kuwa kipofu siku ile unayotakiwa kuona. Kituo chako cha GNSS kiandike kwenye diski yake hata kama mtandao haupo, na mahesabu ya ROTI yafanyike hapohapo. Betri na inveta vibebe Raspberry Pi na ruta usiku kucha. Tumia laini mbili za mitandao tofauti, ingawa zote zaweza kupita kwenye waya uleule wa baharini, jambo ambalo wengi husahau. Sehemu ya kuvuta data iwe tofauti na ya kutabiri, zikipokezana kupitia foleni, moja ikianguka nyingine iendelee.

Na kwenye skrini, andika umri wa data kwa herufi kubwa kama namba yenyewe. Namba ya saa tatu zilizopita ikionyeshwa kama ya sasa ni uongo, hata kama kila mstari wa programu uko sawa. Ikipitiliza umri uliokubalika, iondoe, andika "hatuna kipimo".

Hatua ya tisa: unamwambia nani, na nini

Wavuvi wa Feri hawahitaji SMS yako. Kosa la mita kumi haliwapotezi. Wanaohitaji ni wachache na wanajulikana: boti za kupima kina na kuchimba mchanga bandarini, wapima ardhi wanaoacha kipokezi juu ya pointi usiku kucha, warushaji wa droni baada ya magharibi, na watu wa mawasiliano ya redio za HF. Nenda kaongee nao kabla hujaandika kengele hata moja. Waulize wanafanya nini GPS ikiyumba, na kengele ya bure inawagharimu nini.

SMS moja ina herufi 160. Zinatosha: "TAHADHARI GPS: Leo saa 2-6 usiku vipimo vya setilaiti Dar vinaweza kuyumba. Rudia pointi muhimu asubuhi. Uhakika: wastani. Imetolewa 11:30 jioni." Ina muda, mahali, cha kufanya, na kiwango cha uhakika.

Kwa upande wa ndege kaa pembeni. Tangu Novemba 2019 ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ina vituo maalumu vinavyotoa taarifa hizi kwa ndege duniani kote, na hapa nchini mwenye mamlaka ni TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Mfumo wako uandike wazi kuwa ni wa majaribio.

Hatua ya kumi: kazi na watu

Nafasi nyingi za serikali ya Marekani katika fani hii hudai uraia, kwa hiyo usipoteze mwaka ukizisubiri. Mlango ulio wazi ni programu huria. SunPy iko chini ya mwavuli wa OpenAstronomy, ambao umekuwa ukipokea vijana kupitia Google Summer of Code. Pysat na SpacePy nazo hupokea michango. Anza kwa kurekebisha maelezo yenye utata au kuongeza jaribio linalokosekana. Kituo cha CCMC cha NASA kitakuendeshea modeli kubwa bure ukiwasilisha ombi, na matokeo yake ni kazi nzuri ya kuonyesha.

Kwa Afrika, kituo kikubwa ni cha SANSA, shirika la anga za juu la Afrika Kusini, kule Hermanus, kinachofanya kazi saa 24 tangu 2022. ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia cha Trieste, Italia, imekuwa ikiandaa mafunzo ya GNSS na ionosfia yanayowalenga watu wa nchi kama yetu. Hapa jijini, idara ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wataalamu wa vipimo vya ardhi wa Chuo Kikuu Ardhi ni watu wa kuwafuata. Wao wana maswali, wewe una programu. Nenda na mchoro wa ROTI wa usiku wa Machi au Oktoba, si wasifu peke yake.

Unapoomba kazi, weka kiungo cha mfumo unaoendeshwa sasa hivi, na kando yake jedwali la kila usiku wa msimu mmoja mzima: ulitabiri nini, kilitokea nini, data ilikatika saa ngapi. Usiku uliokosea uuache humo pamoja na maelezo ya sababu. Wanaoajiri katika fani hii wataanza kusoma hapo.